Shajara ya mradi: seva ya nyumbani kwa vifaa vya bei nafuu, Dar es Salaam

Siku ya 1. Kazi kwanza, mashine baadaye

Nyumba ina watu sita, simu kumi, televisheni mbili na ruta moja iliyoletwa na kampuni ya intaneti. Seva (kompyuta inayokaa imewashwa muda wote kuhudumia vifaa vingine) inatakiwa kufanya kazi nne: kutunza picha za simu zote (Immich), kushirikisha mafaili (Samba), kuchuja matangazo kwa DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani (AdGuard Home), na kurusha filamu kwenye televisheni (Jellyfin). Bajeti ni Sh 800,000, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ikiwamo.

Mafaili na DNS ni kazi nyepesi mno, hata kompyuta ya miaka kumi na mitano iliyopita inaziweza ikiwa usingizini. Nzito ni mbili. Immich inaposoma picha za zamani mara ya kwanza ili kutambua nyuso, prosesa hufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, halafu hutulia kabisa. Jellyfin nayo huhangaika pale televisheni isipoweza kusoma aina ya video iliyomo kwenye faili, ikabidi seva iibadilishe huku mtu anatazama. Televisheni ikisoma faili moja kwa moja, seva haifanyi lolote zaidi ya kusoma diski na kupeleka.

Kwa hiyo seva hii itakaa bila kazi ya maana kwa zaidi ya saa 20 kila siku. Hilo ndilo lililoongoza uchaguzi wote uliofuata. Tunanunua mashine kwa namna inavyokaa ikiwa imetulia, na kwa namna inavyoamka umeme ukirudi. Kasi yake ni jambo la tatu.

Siku ya 2. Hesabu ya LUKU (umeme wa kulipia kabla)

Kanuni ya kukumbuka: wati zidisha kwa 0.72, unapata uniti za mwezi wa siku 30 kwa kifaa kisichozimwa. Wati 10 ni uniti 7.2. Wati 100 ni uniti 72.

Tulichomeka mita ya wati kwenye soketi na kupima mashine tatu zilizokuwapo, zote zikiwa na Debian (mfumo endeshi wa Linux) bila skrini, baada ya kuziacha zitulie dakika 15:

Kompyuta ya mezani ya zamani (kizazi cha tatu cha Intel, diski ya inchi 3.5): wati 48.
Laptopu ya zamani, kioo kimezimwa, betri imejaa: wati 11.
Kompyuta ndogo ya ofisini yenye prosesa ya kizazi cha saba, tuliyoazima kwa ajili ya kipimo: wati 9.

Hiyo ya mezani ipo bure, haihitaji kununuliwa. Lakini tofauti ya wati 39 ni uniti 28 kwa mwezi. Kwenye tarifu T1 (ya matumizi ya kawaida), Sh 292 kwa uniti hufika Sh 356 ukishaweka VAT ya asilimia 18 na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). Hiyo ni takriban Sh 10,000 kila mwezi, Sh 120,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ya mashine ya bure inanunua kompyuta ndogo nzima.

Nyumba iliyo kwenye D1 (tarifu ya matumizi madogo) ina shida kubwa zaidi, na nyumba hii iko D1. Uniti 75 za mwanzo ni Sh 100 kila moja, zinazozidi ni Sh 350, kabla ya kodi. Matumizi ya sasa ni kama uniti 62 kwa mwezi, ruta ikiwa ndani yake. Mashine ya wati 48 inaongeza uniti 34.6: kumi na tatu za kwanza kwa bei ya chini, nyingine 21.6 kwa bei ya juu. Jumla ni Sh 8,860 kabla ya kodi, dhidi ya Sh 648 za mashine ya wati 9. Nafasi tuliyonayo kabla ya kuvuka mstari ni uniti 13 tu, yaani wati 18. Namba hiyo 18 tumeiandika ukutani.

Siku ya 4. Wagombea

*Raspberry Pi.* Inakula wati 3 hadi 5, na kwa DNS na mafaili ya watu wawili haina mpinzani. Kwa kazi zetu nne imeshindwa kwa sababu ya vitu vinavyoizunguka. Bodi yenyewe si ghali, ila ongeza adapta yake (Pi 5 inataka volti 5 kwa ampea 5, chaja ya simu haitoshi), kasha lenye feni, SSD (diski isiyozunguka) na kiunganishi chake, na bei inafika ya kompyuta ndogo ya mtumba yenye kila kitu ndani. Pi 4 pia haina maelekezo ya AES (ya kusimba data) ndani ya prosesa, hivyo diski iliyosimbwa itasoma polepole. Pi 5 inayo. Na kuendesha seva juu ya kadi ya SD ni kujitafutia matatizo: kumbukumbu za mfumo huandikwa kila dakika, kadi huchoka, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, siku moja haiwaki tena.

*Laptopu ya zamani.* Huyu ni mgombea wa kweli na watu wengi wanampuuza. Ana UPS ndani ya tumbo lake. Kwa mtu asiye na bajeti kabisa, jibu ndilo hili: kwenye /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore ili isilale ukifunga kifuniko, na kama ni ThinkPad weka programu ya TLP izuie betri isijae zaidi ya asilimia 80, maana betri inayokaa imejaa muda wote kwenye joto la Dar huvimba. Betri iliyokwisha kuvimba itolewe leo, siyo kesho. Tuliiacha kwa sababu mbili: ina nafasi ya diski moja tu, na betri ikiisha mashine huzimika na haijiwashi umeme ukirudi. Baadhi ya laptopu zina mpangilio wa kujiwasha chaja ikipata umeme, hii haina.

*Kompyuta mpya ya Intel N100.* Prosesa nzuri, viini vinne, wati 6 kwenye karatasi, inasoma video za karibu aina zote za leo, hata AV1. Zinazofika kwa bei ya chini mara nyingi huja na SSD isiyo na jina na adapta isiyo na jina, na ukikosa sasisho la BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) huna wa kumuuliza. Ikipatikana kwa bei nzuri kutoka kampuni inayojulikana, ichukuliwe bila kusita.

*Kompyuta ndogo za ofisini za mtumba.* Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Makampuni ya Ulaya na Ghuba huzibadilisha kwa mafungu, kisha zinafika Kariakoo zikiwa kwenye makontena. Zimejengwa kukaa zimewashwa, sehemu zake zinafunguka kwa bisibisi moja, na BIOS yake inajua kujiwasha umeme ukirudi. Tumechagua kundi hili.

Ndani ya kundi, kizazi cha prosesa kina maana kuliko jina la i3, i5 au i7. Kizazi cha sita (mfano i5-6500T) kinasoma HEVC (aina ya video iliyobanwa) ya biti 8 tu kwa vifaa vyake. Cha saba (i3-7100T, i5-7500T) kinasoma na kuandika ya biti 10, ambayo ndiyo filamu nyingi za sasa. Kizazi cha nane kinaongeza viini: i5-8400T ina sita badala ya vinne. Kwa Jellyfin, i3 ya kizazi cha saba inaishinda i7 ya kizazi cha sita.

Neno kuhusu herufi T. Wauzaji husema T inakula umeme kidogo. T inaweka ukomo wa kilele, wati 35, basi. Ikiwa imetulia, prosesa yenye T na isiyo nayo hukaribiana mno. Faida yake kwetu ni joto: feni ndogo kwenye chumba cha nyuzi 31 inaweza kumudu wati 35.

Siku ya 6. Ukaguzi dukani, Kariakoo

Tulikwenda na flashi ya Debian ya kuwashia, kebo ya mtandao, mita ya wati, bisibisi na multimita. Muuzaji anayekataa mashine isiwashwe kwa flashi, aachwe. Kununua mashine ya ofisi bila kuingia BIOS ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Mambo mawili yanaangaliwa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hayarekebishiki kwa urahisi: nenosiri la BIOS, na ulinzi wa Absolute wa kufuatilia mashine iliyoibwa (zamani ukiitwa Computrace) ukisomeka kuwa umewashwa kwa kudumu. Mashine mbili kati ya tano tulizofungua zilikuwa na nenosiri. Muuzaji atasema kutoa CR2032, betri ndogo ya kwenye bodi, kunalifuta. Kwenye nyingi ya mashine hizi za ofisi nenosiri limehifadhiwa kwenye chipu nyingine, betri hailigusi.

Baada ya hapo adapta. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dell na HP huuliza adapta jina lake kupitia pini ndogo ya katikati. OptiPlex isipoitambua adapta, huonyesha onyo wakati wa kuwaka na kuipunguza kasi prosesa, na mtu akabaki anadhani mashine ni mbovu. Lenovo Tiny hutumia volti 20 na kichwa cha mstatili, kile kile cha laptopu za ThinkPad za kipindi hicho, kwa hiyo mbadala wake unapatikana kila duka. Hiyo peke yake ilitusogeza kwa Lenovo.

Tulichochukua: ThinkCentre M710q, i5-7500T, RAM GB 8 kwenye nafasi moja kati ya mbili, SSD ya M.2 (inayochomekwa kwenye bodi) GB 256. Sh 360,000. Adapta iliyokuja nayo ilikuwa ya volti 19 iliyobadilishwa kichwa kwa mkono na kufungwa gundi. Mashine iliwaka nayo, lakini tulipoendesha stress-ng (programu ya kuilemea prosesa) kwa dakika tatu ilizimika ghafla. Muuzaji alibadilisha akatoa ya asili ya wati 65, na jaribio likapita. Bila jaribio la mzigo, tatizo hilo lingeonekana nyumbani usiku wa kwanza wa Immich.

Amri tulizoendesha pale pale:

lscpu kuhakikisha prosesa ni ile iliyotajwa kwenye kibandiko. dmidecode -t memory kuona RAM na nafasi iliyobaki. smartctl -a kwa SSD, tukitazama "Percentage Used" (ilikuwa 11). ethtool kuona mtandao umekubali 1000Mb/s. Kila tundu la USB lilijaribiwa kwa flashi moja moja, ya mbele na ya nyuma.

Tahadhari kwa anayetaka kuongeza RAM baadaye: OptiPlex 3040 Micro inatumia DDR3L, 3050 inatumia DDR4. Kwa nje zinafanana.

Siku ya 7. Kusafisha

Skrubu moja nyuma, kifuniko kinateleza mbele. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye mapezi ya kipoza joto kama kitambaa. Lilitolewa kwa brashi laini na hewa, feni ikiwa imeshikiliwa kwa kidole isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa na hewa huzalisha umeme wake na inaweza kuumiza bodi. Pesti ya prosesa ilikuwa imekauka ikawa unga. Tuliifuta kwa spiriti na kuweka mpya, ukubwa wa punje ya mchele.

Kabla: nyuzi 91 kwenye mzigo kamili, prosesa inajipunguza kasi. Baada: nyuzi 73, haijipunguzi. Kazi ya nusu saa.

CR2032 ilisoma volti 2.71. Mpya ni zaidi ya 3. Imebadilishwa. Betri hii ikifa, BIOS inaweza kusahau mipangilio umeme ukikatika, na mpangilio tunaoutegemea kuliko yote ni ule wa "After Power Loss". Tumeuweka "Power On".

Memtest86+ iliachwa usiku mzima. Haikutoa kosa. RAM yenye kosa moja huharibu picha kimyakimya wakati wa kunakili, na nakala rudufu hubeba uharibifu huo huo, kwa hiyo usiku mmoja wa kupima si mwingi.

Siku ya 9. Diski

Sehemu ya diski ndani ya Tiny inapokea ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Diski za kuzunguka za inchi 2.5 zinazozidi TB 2 zina unene wa milimita 15, haziingii. Za TB 2 zinazoingia hutumia SMR, teknolojia ya kuandika mistari ikipandana kama vigae: kusoma ni sawa, kuandika upya hapa na pale kunakwama. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya seva za mafaili, zilikuwa za SMR. Tangu hapo namba ya modeli inasomwa kabla ya kulipa. Kwa diski ya nje ya nakala rudufu, inayoandikwa mfululizo mara moja kwa usiku, SMR haina tatizo.

Tulinunua SSD ya SATA ya TB 1, mpya, Sh 190,000. Kulikuwa na ya "TB 2" mtaa wa pili kwa nusu ya bei hiyo. Kifaa cha namna hiyo mara nyingi kina chipu ya GB 64 iliyofundishwa kusema uongo: kinakubali mafaili yote, kisha kinaandika juu ya yale ya mwanzo. Programu ya f3probe hukigundua kwa dakika chache, f3write na f3read kwa uhakika zaidi. Hata SSD yetu ya jina linalojulikana ilijazwa yote kwa f3write na kusomwa tena kabla ya kuwekewa picha hata moja. Ilipita.

Mpangilio: mfumo kwenye M.2, picha na mafaili kwenye SSD ya TB 1, zote kwa mfumo wa mafaili wa ext4. Nakala kila usiku kwa programu ya restic kwenda kwenye diski ya nje ya TB 2 iliyokuwapo. RAID (diski mbili zinazobeba data ile ile) hatukuweka. Diski mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja, kwenye adapta moja, ndani ya kasha moja, hufa kwa pamoja radi ikipita, na mtoto akifuta folda, inafutika kote kuwili. Shilingi ya diski ya pili inafaa zaidi kwenye nakala inayochomolewa na kuwekwa kabatini.

Ile diski ya nje ilikwama mara mbili ikiandika, dmesg (kumbukumbu za mfumo) ikajaa "uas_eh_abort_handler". Chipu ya kiunganishi chake ni JMicron, 152d:0578 kwenye lsusb. Dawa: kuongeza usb-storage.quirks=152d:0578:u kwenye mstari wa GRUB (kianzishi cha mfumo), kisha update-grub na kuwasha upya. Kasi inapungua kidogo, kukwama kunaisha. Namba hubadilika kulingana na chipu yako.

Kwa diski ya mtumba ya kuzunguka, mistari ya smartctl inayohusu ni 5, 197 na 198 (sehemu mbovu za diski). Yoyote isiyo sifuri, diski irudishwe. Ya 199 (makosa ya mawasiliano) ikipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kulaumu diski.

Siku ya 12. Mtandao

Kunakili faili kutoka laptopu kwenda seva: MB 11 kwa sekunde. Hiyo ndiyo alama ya tundu la 100Mb/s. Ruta ya kampuni ina matundu manne, yote ya 100Mb/s, jambo la kawaida kwa ruta za bei ya chini. Tukaweka swichi ya gigabiti yenye matundu matano, isiyo na mipangilio, Sh 45,000, wati 2. Seva, televisheni ya sebuleni na laptopu zinaingia kwenye swichi, na waya mmoja unakwenda kwa ruta. Intaneti haikuhitaji zaidi ya 100, ndani ya nyumba ndipo kasi inahitajika.

Baada ya swichi bado MB 11. iperf3, inayopima kasi ya mtandao, ikatoa 94 Mb/s, ethtool ikaonyesha 100Mb/s. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za kebo; jozi moja ikikatika, mara nyingi vifaa hukubaliana kwa 100 bila kulalamika. Tulikata kichwa na kukwangua nyaya: rangi ya fedha ndani. Alumini iliyopakwa shaba. Inavunjika ikikunjwa mara chache na inashika vibaya kwenye kichwa. Mita 10 za shaba halisi na vichwa vipya ziligharimu Sh 18,000, iperf3 ikapanda hadi 941 Mb/s, na faili lile lile likaenda kwa MB 108. Ukienda kununua kebo, kwangua kwa kisu dukani. Shaba ni nyekundu mpaka kiini.

Siku ya 15. UPS, na pale inapodanganya

UPS ya VA 650, betri moja ya volti 12, Ah 7, yenye tundu la USB. Sh 130,000. Kwa mzigo wa seva na swichi, wati 11, mita iliyowekwa kabla ya UPS inasoma 18. Yaani UPS yenyewe inakula wati 7, karibu sawa na seva inayoilinda. Hilo halijaandikwa kwenye boksi lolote, na kwenye nyumba ya D1 lina uzito.

lsusb ilionyesha 0665:5161, ambayo kwa UPS nyingi za bei nafuu ina maana dereva wa NUT (programu ya kusimamia UPS) ni nutdrv_qx. Kwenye /etc/nut/ups.conf:

[ups]
driver = nutdrv_qx
port = auto
vendorid = 0665
productid = 5161

na MODE=standalone kwenye nut.conf. Amri upsc ups ikajibu. Lakini asilimia ya chaji inayotoa ni makisio kutoka kwenye volti, iliruka kutoka 100 hadi 62 dakika ya kwanza. Hatukuitumia. Tumetumia saa badala yake, kupitia upssched.conf:

AT ONBATT * START-TIMER zima 1200
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima

Umeme ukikatika na kurudi ndani ya dakika 20, seva haijui. Ukizidi hapo, hati ya upssched inaita upsmon -c fsd na seva inajizima kwa utaratibu. Betri inaweza kuendelea zaidi ya hapo, ila betri ya risasi inayonyonywa mpaka mwisho kila wiki haimalizi mwaka, na joto linaifupisha zaidi: kanuni ya mafundi ni kuwa kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wake nusu. UPS imekaa sakafuni, upande usiopigwa jua.

Ruta tumeitenga. Ina UPS yake ndogo ya volti 12, Sh 45,000, ili intaneti isikatike seva ikizimwa.

Siku ya 22. Jaribio la kukata umeme

Tulichomoa UPS ukutani mara sita kwa muda tofauti. Mara tano ilikuwa sawa. Ya sita tuliirudisha dakika ya 21, wakati seva inamalizia kujizima. Ikazimika, na ikabaki imezimika.

Sababu ni hii: mpangilio wa "Power On" huamsha mashine pale umeme unapotoweka kabisa kisha kurudi. Hapa UPS haikuacha kuipa seva umeme hata sekunde moja. Kwa seva hapakuwa na kukatika, kulikuwa na mtu aliyeizima tu.

Dawa ni UPS yenyewe kukata umeme wa matundu yake seva ikishazimika, kisha kuurudisha. NUT inaweza, kwa sharti POWERDOWNFLAG iwepo kwenye upsmon.conf: mwishoni mwa kuzima, upsdrvctl shutdown inaitwa. Dereva huyu husubiri sekunde 30 kabla ya kukata (offdelay) na sekunde 180 kabla ya kurudisha (ondelay). Amri hiyo huitwa Immich na hifadhidata yake zikiwa zimekwisha kufungwa, ila tuliona heri kuacha muda wa ziada. Tumeweka offdelay = 120.

Kuna UPS zinazopokea amri hii na kuipuuza. Ya kwetu inaitii. Ijaribiwe ndani ya siku ambazo duka linakubali kurudishiwa bidhaa. Isipotii, kuna njia ya pili: kifaa kingine ndani ya nyumba kinachotuma Wake-on-LAN (ujumbe wa mtandao unaoamsha mashine) kila baada ya dakika kumi, mradi imewezeshwa kwenye BIOS ya seva.

Jaribio lilirudiwa mara kumi kwenye dakika ya 20 hadi 22. Mara kumi seva imerudi yenyewe.

Siku ya 24. Jellyfin

Amri vainfo, inayoorodhesha video ambazo chipu ya picha inaziweza, inaonyesha HEVCMain10, kama ilivyotarajiwa kwa kizazi cha saba. Mtumiaji wa jellyfin ameongezwa kwenye kundi la render ili afikie chipu hiyo, /dev/dri/renderD128. Bila hilo Jellyfin inarudi kwenye prosesa kimyakimya: picha inakatakata, wati 34. Kwa njia sahihi ni wati 15, video moja ya 4K ikigeuzwa kuwa 1080p.

Siku ya 45. Mita

Seva 9, swichi 2, UPS 7, UPS ndogo ya ruta 1. Wati 19, uniti 13.7 kwa mwezi. Pamoja na 62 za nyumba ni 75.7. Tumevuka mstari kwa wati moja iliyozidi ile 18 ya ukutani.

Hatua zilizopunguza: kadi ya Wi-Fi imetolewa (nusu wati). Sauti na tundu la serial zimezimwa BIOS. powertop --auto-tune (inayowasha mipangilio ya kuokoa umeme) imewekwa kama huduma ya systemd ili ijirudie kila kuwaka; kabla yake prosesa ilikuwa haishuki chini ya C3 (ngazi ya usingizi wake; namba kubwa ni usingizi mzito zaidi), sasa inafika C8. Angalizo: auto-tune hulaza pia vifaa vya USB, na diski ya nje ilipotea usiku wa pili. Kwa tundu hilo tumerudisha "on" kwenye power/control.

Seva sasa ni wati 7. Jumla 17, uniti 12.2, nyumba 74.2.

Zimetumika Sh 795,000: mashine 360,000, SSD 190,000, UPS 130,000, swichi 45,000, UPS ya ruta 45,000, kebo na vichwa 18,000, pesti na CR2032 7,000. Inayofuata ni RAM ya pili ya GB 8, DDR4 2400 ya laptopu. Immich ikisoma picha, swap (sehemu ya diski inayotumika kama RAM) inafika GB 2, na kila kinachoandikwa kwenye swap kinakula umri wa ile SSD ya M.2 iliyokuja na asilimia 11 tayari.